Pikapu ya dizeli inavuta upepo: soma dalili kabla ya kubadilisha mabomba

Asubuhi unapiga starta, injini inashika sekunde tatu nne halafu inazima. Unapiga tena, inazunguka bila kushika. Unafungua boneti, unabonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka inakuwa ngumu, unarudi kwenye usukani, inawaka kwa kukohoa na moshi mweupe. Baada ya hapo siku nzima hakuna neno. Kesho yake yale yale.

Kwa pikapu za dizeli za hapa Tanga, zile zinazoshusha machungwa ya Muheza na zinazoleta samaki kutoka Pangani, hiyo ndiyo kesi ninayoletewa kuliko nyingine zote. Mwenye gari anafika akiwa ameshanunua betri, ameshabadilisha hita plagi, na pengine ameshashauriwa afungue nozeli pampu, ile inayosukuma dizeli kwenda kwenye injini. Mara nyingi kosa liko kwenye mpira wa urefu wa kiganja.

Upande unaovuta hauvuji

Hilux yenye injini ya 3L au 5L, na Land Cruiser yenye 1HZ, njia yake ya mafuta ina sehemu tatu. Ya kwanza inatoka tangini, inafuata chesisi, inapanda hadi filta na kuingia nozeli pampu. Ya pili ni vile vibomba vigumu vya chuma vinavyotoka pampu kwenda kwenye kila nozeli, inayopuliza dizeli ndani ya injini. Ya tatu ni ritani, inayorudisha tangini dizeli iliyobaki.

Sehemu ya kwanza haina kitu cha kuisukuma. Tangini hakuna pampu ya umeme. Ndani ya nozeli pampu kuna kipampu kidogo cha mapanga kinachoivuta dizeli mwendo wa mita tatu hivi, kama unavyonyonya dafu kwa mrija. Mrija ukiwa na ufa, dafu halimwagiki. Wewe ndiye unayenyonya hewa.

Mzee mmoja wa Pangani alinijia na Hilux yake baada ya kuhangaika miezi miwili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimelala chini ya gari hili na tochi, nimepangusa bomba lote kwa kitambaa cheupe. Pakavu! Sasa mnaniambiaje kwamba mafuta yanavuja?"

Nilimwambia hayavuji, upepo ndio unaoingia. Injini ikiwaka, kile kitobo kinavuta hewa. Injini ikizimwa usiku, hewa inapenya taratibu, dizeli iliyoko juu kwenye filta inateremka kurudi tangini kwa uzito wake, na asubuhi pampu inakuta bomba tupu. Ukiegesha gari pua ikiangalia juu, au tangi likiwa robo, tatizo linazidi, kwa sababu dizeli ina mteremko mrefu zaidi wa kurudi. Kwa hiyo swali la kwanza ninalomuuliza mteja ni alilaza gari vipi. Akisema "nikiliacha tambarare linawaka vizuri, nikiliacha kilimani linakataa", nusu ya kazi imekwisha.

Vipimo viwili vya bei ndogo

Nenda duka la vifaa vya ujenzi ukanunue nusu mita ya ule mpira unaopitisha mwanga, ambao waashi wanautumia kupimia levo. Chagua wa kipenyo cha ndani cha milimita 8. Ufunge kwa muda kati ya filta na nozeli pampu, toa upepo kwa pampu ya mkono, washa injini, kisha mulika kwa tochi kutoka upande wa pili. Dizeli safi inapita kama chai ya rangi nyepesi, huoni hata kama inatembea. Ikiwa kuna upepo utaona vipovu: mwanzo mmoja mmoja vidogo kama vichwa vya pini, na ukikanyaga mafuta vinaungana kuwa kipovu kirefu kinachokimbia juu ya ukuta wa mpira. Vichache vya sekunde thelathini za kwanza si kitu. Vikiendelea baada ya dakika tano, hewa inaingia.

Huo mpira ni wa kupimia tu, usisafiri nao. Ukikaa na dizeli na joto la injini unakauka na kupasuka kama ganda la yai.

Kipimo cha pili kinakuambia hewa inaingilia wapi. Chukua dumu safi la dizeli, lifunge imara ndani ya boneti mbali na egzosi na feni, ingiza mpira mpya kutoka dumu hadi mlango wa filta, na ule wa ritani nao uurudishe kwenye dumu. Washa. Vipovu vikiisha, kosa liko nyuma: tangi, bomba la chesisi au mipira ya viungo. Vikibaki, kosa liko mbele: kichwa cha filta, pampu ya mkono, kihisio cha maji chini ya filta, au kiungo cha kuingilia pampu. Gari lisiondoke hapo lilipo wakati wa kipimo hiki. Nimemwona kijana akitaka "kulizungusha kidogo mtaani" na dumu limefungwa kwa kamba ya katani, nilimnyang'anya ufunguo.

Pampu ya mkono yenyewe ni mshukiwa mkubwa. Ndani ina kiwambo cha mpira ambacho kikipata ufa hakivuji nje, kinanyonya tu. Watu wanabadilisha mabomba yote wakaiacha ileile.

Dalili nyingine, na zinakoelekeza

Gari linakosa nguvu mlimani. Ukitoka Mombo kupandisha Soni kwenda Lushoto, kilomita thelathini na kitu za kona na mwinuko, ndipo njia iliyoziba inapojitangaza. Tambarare injini inapata dizeli ya kuitosha; kwenye mlima inahitaji zaidi, haipati, inazubaa kama imeshikwa shati. Ukisimama dakika tano ukaondoka, inavuta tena kidogo. Hapo tafuta kizuizi, si tundu. Anza na filta. Kisha fungua kifuniko cha tangi huku injini inawaka: ukisikia tangi linavuta pumzi ndefu na nguvu zikarudi, kipumulio cha tangi kimeziba, mara nyingi kwa tope au kiota cha nyigu. Kisha angalia kama kuna mahali bomba la chesisi limebonyea, hasa pale mtu aliwahi kuweka jeki vibaya. Kisha chujio la ndani ya tangi.

Kizuizi kimoja kinadanganya hata mafundi wazoefu: mpira wa zamani ambao ngozi yake ya ndani imeachana na ya nje. Nje unaonekana mzima, ukiupuliza kwa mdomo unapitisha. Pampu ikiuvuta, ile ngozi inajikunja na kufunga njia. Njia ya kuujua ni kuukata katikati na kuutazama, maana yake mpira ulioshukiwa haurudishwi.

Harufu ya dizeli na unyevu juu ya injini. Tazama vimipira vyembamba vya ritani vilivyoshonewa nyuzi nje. Vinakauka, vinatoa jasho, kisha vinadondosha. Badilisha vyote kwa pamoja. Usisubiri, kwa sababu mbili: dizeli inalainisha mikanda na mipira ya kushikilia injini, na ikirushwa kwenye egzosi ya moto inawaka. Watu wanasema dizeli haiwaki kirahisi, na kwenye ndoo ni kweli, kwani inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 50 ndipo itoe mvuke wa kushika kiberiti. Lakini ikiwa ukungu, juu ya chuma cha nyuzi mia tatu na zaidi, haihitaji kiberiti.

Kutu ya chesisi. Hii ni yetu sisi watu wa pwani. Bomba la chuma halilikwi katikati, linaliwa chini ya vishikizo, pale tope na chumvi vinapokaa bila kukauka. Gari limelala Raskazone miaka kumi, fungua vishikizo vyote kabla ya kusema bomba ni zima. Ukikuta rangi imevimba kama upele, usilikwaruze kujaribu. Panga kulibadilisha.

Injini inamisi na kugonga, moshi mweupe ikiwa imeshapata moto. Inaweza kuwa upepo, inaweza kuwa nozeli. Mpira wa levo utakuamulia.

Nini cha kuweka

Hapa ndipo pesa inapotea. Mpira ni mweusi, dizeli ni dizeli, muuzaji anakukatia kilicho karibu. Mpira wa maji ya rejeta umetengenezwa kwa raba inayovumilia maji ya moto, si mafuta. Niliwahi kukata kipande cha inchi mbili nikakitumbukiza kwenye kikopo cha dizeli nikakisahau dirishani. Siku ya nne kilikuwa kimevimba, kidole gumba kinakibonyeza kama andazi. Hicho ndicho kilichokuwa kimefungwa kwenye gari la mtu aliyekuja siku hiyohiyo akilalamika kuwa klipu zake hazikazi.

Soma maandishi ya ubavuni. Mpira wa mafuta unaandikwa SAE J30 na namba yake, R6, R7 au R9, au DIN 73379. Kwa upande wa kuvuta R7 inatosha. R9 ina ngozi ya ndani bora zaidi na inavumilia joto na shinikizo kubwa zaidi. Ni ghali, lakini karibu na injini ninaipendelea. Usio na maandishi, uache dukani.

Kipimo nacho. Kwenye pikapu hizi bomba la kwenda, yaani la kuvuta, mara nyingi ni la milimita 8 na la ritani ni la 6, ila pima lako kabla ya kwenda dukani. Bomba la 8 linataka mpira wa 8. Wa 10 ukiubana kwa klipu unajikunja mkunjo mmoja, na kwenye mkunjo ule hewa inapita. Hilo ndilo tundu lisiloonekana ninalolikuta kuliko yote.

Klipu za mkanda wenye matundu, zile za kukaza kwa bisibisi, zinakata mpira mwembamba kama msumeno. Tafuta zenye mkanda laini uliopinda kingo, za mafuta.

Kuhusu bomba lenyewe: chuma chenye ganda la plastiki ndicho ninachokiweka kwenye chesisi. Kopa inapindika vizuri na mafundi wa friji wanaipenda, lakini inaichakaza dizeli ikafanya utando, na mtikisiko wa gari unaifanya ngumu mpaka inapasuka. Bomba la maji la zinki ndiyo kabisa usiliguse. Zinki inashikana na dizeli na kutengeneza kitu kama sabuni kinachoziba filta. Wengine wanatoa bomba lote la chuma na kuvuta mpira mmoja kutoka tangi mpaka filta. Nimeondoa kadhaa ya namna hiyo. Inaning'inia, inasuguliwa na propela, na jiwe moja la barabara ya Amani linaimaliza.

Vile vibomba vya kutoka pampu kwenda nozeli havimo kabisa kwenye mazungumzo ya mpira wala ya kuchomelea. Ndani yake shinikizo linazidi bar 100 kwenye injini za zamani. Kikipasuka, nunua kilekile cha injini hiyo, urefu uleule.

Kazi yenyewe

Injini iwe imepoa kabisa. Ondoa waya wa hasi wa betri. Gari likae juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake, na tairi za chini zizuiwe kwa mawe. Fungua kifuniko cha tangi kutoa shinikizo, kisha kifunge ili vumbi lisiingie. Weka chini beseni, na pembeni kizima moto cha poda au ndoo ya mchanga mkavu. Hakuna grainda wala mashine ya kuchomelea inayofanya kazi jirani. Kwenye gereji zetu za Ngamiani hilo la mwisho ndilo gumu, kwa sababu jirani naye ana mteja wake. Basi sogeza gari.

Chora au piga picha njia za zamani kabla hujafungua chochote. Weka alama ya kwenda na ya ritani kwa rangi ya kucha. Utanishukuru.

Bomba likatwe kwa kikata bomba cha gurudumu, si msumeno wa chuma, kwa sababu chenga za msumeno zinasafiri moja kwa moja hadi pampu. Ncha yake iinuliwe kivimbe kidogo kuizunguka ili mpira usichomoke, kisha bomba lipulizwe ndani kwa kompresa. Mpira uingie angalau milimita 25 na klipu ikae nyuma ya kile kivimbe, isikae juu yake. Mpira ukatwe kwa wembe, mkato ulionyooka. Vishikizo viwe kila sentimita thelathini hivi, na bomba likae mbali na egzosi kwa kiganja kizima.

Usitumie ile tepu nyeupe ya mafundi wa maji kwenye viungo. Nyuzi zake zinakatika na kwenda kukwama ndani ya pampu. Viungo vya bolti yenye tundu, ile ambayo dizeli inapita ndani yake, vinazibwa na washa (pete bapa) za kopa, mpya kila ukivifungua, moja juu na moja chini.

Baada ya kufunga: inapokataa kuwaka

Bonyeza pampu ya mkono mpaka iwe ngumu kama tairi lililojaa. Kama baada ya mabonyezo mia bado ni laini, usihangaike na starta, kuna kiungo kinavuta hewa au umeunganisha kwenda na ritani kinyume. Ikiwa ngumu, piga starta si zaidi ya sekunde 15 kwa mara moja, kisha ipumzishe. Kwenye injini za zamani unaweza kulegeza kidogo nati za nozeli mbili, ukazungusha injini mpaka dizeli isiyo na povu itoke, ukakaza. Uso na mikono vikae mbali.

Kwenye Hilux zenye injini za 2KD na 1KD, za komoni reli (nozeli zote zinalishwa kutoka bomba moja la shinikizo kubwa), kulegeza nati hizo ni marufuku. Nazo zinavuta dizeli kutoka tangini, kwa hiyo yote niliyosema juu ya mipira ya upande wa kuvuta yanazihusu. Lakini baada ya pampu shinikizo linapita bar 1,000. Uzi wa dizeli wa shinikizo hilo unapenya ngozi kama sindano. Kidonda kinaonekana kama cha mwiba na hakiumi sana mwanzoni, halafu mkono unaharibika kwa ndani. Likikutokea, ni hospitali saa hiyohiyo na umweleze daktari kuwa ni dizeli ya shinikizo, usisubiri ivimbe. Ukitafuta mvujo kwenye injini yoyote ya dizeli, pitisha kipande cha boksi, kamwe si kidole.

Gari limewaka lakini halina nguvu kabisa, na kabla ya kazi lilikuwa nazo? Tazama bolti mbili za tundu kwenye nozeli pampu. Ya ritani imeandikwa OUT kichwani na ndani ina kitundu chembamba kuliko kichwa cha kiberiti. Hicho ndicho kinachoshikilia shinikizo ndani ya pampu. Zinafanana kwa umbo. Ukizibadilishana, dizeli yote inayoingia inapitia kile kitundu. Mimi mwenyewe nilipoteza nusu siku kwa kosa hilo, nimefungua filta mara tatu, nimemlaumu muuza mafuta, mpaka mwanafunzi wangu aliyekuwa anafagia akauliza kwa nini bolti yenye maandishi iko upande wa filta.

Injini inavuja dizeli kwenye pampu baada ya mabomba mapya, ilhali zamani ilikuwa kavu: angalia kama ritani imebanwa au imepinda. Dizeli ikikosa njia ya kurudi, shinikizo linapanda ndani ya pampu na sili zinaachia.

Neno la pampu ya umeme. Wapo wanaoiongeza karibu na tangi ili kumaliza tabu ya asubuhi. Inamaliza, kwa sababu sasa dizeli inasukumwa. Lakini tundu halijaondoka. Lililokuwa linaingiza upepo sasa linatoa dizeli, juu ya egzosi au barabarani nyuma yako. Ziba kwanza, thibitisha kwa mpira wa levo kuwa hakuna vipovu, ndipo uiweke, na waya wake upite kwenye fyuzi na kwenye swichi ya ufunguo ili gari likizimwa nayo izime.

Siku ya kwanza nenda safari fupi, Tanga hadi Pongwe na kurudi inatosha. Lipaki juu ya boksi zilizokunjuliwa usiku kucha, pua ikiangalia juu. Asubuhi tazama boksi kabla hujawasha, kisha piga starta bila kugusa pampu ya mkono. Ikishika mara moja na boksi ni kavu, endelea na kazi zako, na baada ya wiki moja pita klipu zote kwa bisibisi, maana mipira mipya hulegea kidogo ikishapata joto.